Projekta ya Kutazama Ukiwa Umelala Chali

Kwa miaka thelathini na minne Mzee Dari alipanda majukwaa ya mbao na ya vyuma, akafunga dari za maofisi, za kumbi za harusi na za nyumba za wenye nacho, na siku zote hizo hakuwahi kuteleza hata mara moja. Alikuja kuangushwa na kigoda cha jikoni kwake, kigoda kisichofika hata magotini, alipokuwa akilitafuta kopo la sukari ambalo mkewe alikuwa amelificha juu ya kabati.

Daktari aliitazama picha ya mgongo, akasema pingili moja ya uti wa mgongo imepata ufa. Upasuaji hauhitajiki. Dawa ni kulala chali wiki saba, bila kujipinda, bila kukaa, bila kumgeuzia shingo kila anayepita mlangoni.

"Wiki saba!" Mzee Dari alishtuka. "Daktari, hata zege halilali wiki saba."

"Zege halina mke mkunga," alijibu Mama, ambaye alikuwa amesimama kando ya kitanda na mkoba wake kwapani. "Wewe unaye. Utalala."

Na kweli alilala. Mama alikuwa amestaafu ukunga miaka mitatu tu nyuma, na sauti yake ya kazini ilikuwa bado haijastaafu. Wodini akisema sukuma, watu walisukuma. Akisema pumua, watu walipumua. Sasa wodi nzima ilikuwa imebaki mgonjwa mmoja, na mgonjwa mwenyewe alikuwa mumewe.

Siku ya kwanza haikuwa mbaya. Ya pili ilianza kuwa ndefu. Siku ya tatu Mzee Dari alikumbuka tamthilia yake.

Sebuleni kulikuwa na televisheni, na nyuma ya televisheni kulichomekwa stiki, kijidude kisichozidi kidole gumba, kinachovuta filamu na mechi kutoka kwenye intaneti. Binti yao ndiye aliyemnunulia, na tangu hapo Mzee alikuwa amenasa kwenye hadithi ya ndugu watatu wanaogombea kiwanda cha matofali cha marehemu baba yao. Alikuwa ameishia pale ndugu wa kati anapolikuta kasha la chuma li wazi na hati hazimo. Kisha ndipo kile kigoda kikateleza.

Walijaribu kila njia. Waliihamishia televisheni chumbani, lakini ili aione ilimbidi ageuze shingo, na Mama aliirudisha sebuleni kabla haijapata joto. Alijaribu kushika simu juu ya uso wake, ikamwangukia puani mara mbili, mara ya pili akatokwa na machozi. Mwishowe alimwomba Mama akaangalie sebuleni, halafu aje amsimulie.

Mama aliangalia saa nzima, akarudi.

"Haya, imekuwaje?" Mzee aliuliza kwa hamu.

"Wamegombana."

"Kina nani?"

"Wote. Yule mrefu amekasirika. Yule mwanamke analia."

"Analia kwa nini?"

"Sikumuuliza," alisema Mama, akaenda kuangalia sufuria yake.

Hivyo ndivyo binti yao alivyowakuta alasiri ile alipopita kutoka kazini: baba amenuna kitandani, mama amenuna jikoni. Binti huyu alikuwa mshonaji wa mapazia. Alikuwa na karakana yake, cherehani mbili na sifa ya kutundika pazia likaanguka wima kama maji ya bomba, hata watu wakasahau jina lake na kumwita Mapazia.

"Mama, mna nini?"

"Muulize baba yako. Ananituma nikamwangalilie michezo, nikimsimulia ananuna."

"Anasimulia kama anajaza kadi ya kliniki!" Mzee alifoka kutoka chumbani.

Mapazia alicheka, akaingia, akavua viatu na kujilaza kando ya baba yake, chali, kama alivyolala yeye. Alitaka kuona anachokiona. Juu yao palikuwa na dari nyeupe, pana, tupu, isiyo na kitu isipokuwa taa moja upande wa mlango.

"Baba," alisema, "hii dari ndiyo ukuta wako sasa."

"Ukuta wa kufanyia nini?"

"Wa kutundikia televisheni."

"Itaniangukia, nife kabisa."

"Haitundikwi kwa msumari. Inatundikwa kwa mwanga." Akaeleza kwamba wiki iliyopita alikuwa ametundika mapazia kwa mteja mmoja mwenye projekta, mashine ndogo tu iliyokaa mezani, ikimwaga picha kwenye ukuta mzima. Kama inaweza kumwaga ukutani, kwa nini isimwage juu?

Mzee Dari aliitazama tena dari kutoka pembe hadi pembe. Hakukataa, na kwa mtu aliyekuwa amekataa kila kitu tangu asubuhi, uji ukiwemo, hilo lilikuwa jibu tosha. Mapazia alitoa futi yake ya kushonea na kupima. Kutoka stuli ya kando ya kitanda hadi dari: mita mbili na kidogo. Upana wa kitanda: mita moja na nusu. Dirisha moja, linaloelekea magharibi, pazia jepesi la maua ambalo Mama alikuwa amekataa libadilishwe. Akaandika yote kwa chaki ya kushonea nyuma ya risiti, kisha akaenda sebuleni na kuchomoa stiki.

"Unaipeleka wapi hiyo?" Mama aliuliza.

"Dukani, Mama. Bwana harusi haoi bila kuonana na bibi harusi."

Kesho yake asubuhi aliingia kwenye duka kubwa la kwanza la vifaa vya umeme, lenye vioo mbele na muuzaji aliyevaa tai. Alimweleza anachotaka. Muuzaji hakumwacha amalize.

"Dada, umefika. Hii hapa." Akaweka boksi juu ya meza. Kwenye boksi palikuwa na picha ya familia inayocheka na namba kubwa ya mwanga, yenye sifuri nyingi kuliko amina za mwisho wa sala. "Mwanga wake huo, soma mwenyewe. Na stiki huhitaji, ina kila kitu ndani."

"Naomba niione ikiwaka."

Muuzaji alimpeleka kwenye kichumba cha nyuma kilichopakwa rangi nyeusi, akavuta pazia zito, akafunga mlango. Projekta ikawaka. Samaki wa rangi zote wakaogelea ukutani. Ilikuwa nzuri kweli.

Mapazia hakuwatazama samaki. Alikuwa akilipapasa pazia.

"Kitambaa cha tabaka tatu," alisema. "Kina mpira nyuma. Kazi nzuri. Kaka, naomba ulifungue."

"Dada, projekta haiangaliwi kwenye mwanga."

"Kaka yangu, mimi kazi yangu ni kuuza giza. Najua giza zuri linavyoweza kumpamba mtu. Baba yangu anataka kuangalia saa kumi jioni, na mama yangu ana pazia la maua lisilozuia hata mbu. Fungua."

Lilipofunguliwa, samaki walipauka wakawa kama nguo iliyofuliwa kwa maji ya moto. Muuzaji alisafisha koo. Mapazia akatoa stiki kwenye mkoba, akaichomeka kwenye tundu la nyuma, na waya wake wa umeme kwenye tundu lingine la projekta. Stiki ikawaka, ikaonyesha nembo, ikazima. Ikawaka, ikaonyesha nembo, ikazima.

"Ndiyo maana nikasema stiki huhitaji," alisema muuzaji haraka haraka, akafungua programu za ndani. Alitafuta huduma yenye ile tamthilia ya Mzee. Ilikuwepo, na nembo yake ikang'aa. Walipoibonyeza, maandishi yakatokea kwamba huduma hii haikitambui kifaa hiki.

Wote wawili waliyatazama maandishi yale kwa adabu, kama watu walioingiliwa na mgeni wakiwa bado mezani.

"Asante, kaka," alisema Mapazia, akachomoa stiki yake. "Pazia lako lakini, ulitunze."

Alizunguka maduka mengine mawili, yakawa ni yale yale, picha ni ya giza na namba ni ya boksi. Jua lilikuwa utosini alipokata tamaa nusu, akaingia uchochoro wenye mafundi wa simu na redio ili apite njia ya mkato. Hapo aliona kibao kilichoandikwa kwa mkono: PROJEKTA, TUNATENGENEZA. TUNAUZA PIA, UKIKUBALI KUULIZWA MASWALI.

Ndani alikaa mwanamke wa makamo mwenye miwani mbili, moja machoni na moja kichwani, ameifungua projekta ya shule fulani kama anayepasua samaki. Vumbi la chaki lilikuwa limejaa tumboni mwa mashine hiyo.

"Karibu, mwanangu. Nani ataangalia?"

Mapazia alishangaa. Huko kote alikopita hakuna aliyeuliza hivyo. Akamweleza habari ya baba, mgongo, kigoda, dari, na tamthilia. Fundi alisikiliza mpaka mwisho, akabadilisha miwani.

"Itakuwa umbali gani na dari?"

"Mita mbili na kidogo."

"Kichwa kiko upande gani, mlangoni au dirishani?"

"Dirishani."

"Nani atashika rimoti?"

"Yeye mwenyewe. Mama hataki kuiona."

"Basi hizi zote za juu zisahau." Alionyesha rafu ya mashine kubwa nyeupe. "Za mikutano. Mwanga zinao, wa kweli, lakini ukizielekeza juu taa zake zinapata moto, zinakufa kabla ya wakati. Halafu zinavuma. Baba yako atadhani amelala kando ya mashine ya kusaga." Akainama, akatoa kitu cheusi kilichokuwa kimekaa kwenye mguu wake kama kikombe kwenye sahani. "Hii ni ndogo. Haina taa ya kuungua, na shingo yake inapinda mpaka juu kabisa. Inajitafutia usahihi wa picha yenyewe. Kwa mita zako mbili, picha itakuja kama upana wa kitanda."

"Namba yake ya mwanga?"

"Namba ya kwenye boksi, mwanangu, ni kama umri wa mtu anayetafuta mchumba. Usibishane nayo. Mwangalie usoni." Akanyoosha mkono. "Hiyo stiki umekuja nayo? Vizuri. Wengi wanaiacha nyumbani. Nipe."

Aliichomeka, lakini umeme wake hakuutoa kwenye projekta. Aliuchomeka ukutani kwa adapta yake yenyewe. "Nyingi zinashindwa hapa. Mashine inamnyima mgeni chakula, halafu mnasema mgeni ni mgonjwa." Akawasha intaneti ya simu yake. Nembo ilitokea, ikakaa. Menyu ikafuata. Mlango ulikuwa wazi, mchana kweupe, na bado maandishi yalisomeka kwenye dari ya mbao ya duka.

"Sasa ni kulala," alisema fundi.

"Nani alale?"

"Wewe. Unamnunulia mtu wa kulala, unaipimaje ukiwa umesimama?"

Alitandaza boksi kubwa la friji sakafuni. Mapazia alitazama sketi yake, akatazama mlango, akalala. Fundi naye, kwa kuugulia magoti, akajilaza kando. Wanawake wawili wazima wakawa wametulia sakafuni kama samaki kwenye sinia, wakitazama ndugu watatu wakigombana juu ya dari.

"Vichwa vyao viko miguuni mwangu," alisema Mapazia.

"Hapo ndipo wengi wanaporudisha mashine wakisema mbovu." Fundi alibonyeza rimoti mara tatu, picha ikageuka juu chini. Ndugu wa kati sasa alisimama sawasawa. Kilichobaki kilikuwa sauti, ambayo ilitoka kama nyuki aliyefungiwa kwenye kopo.

"Spika?"

"Chukua ndogo ya waya, uiweke karibu na sikio lake. Hizi zisizo na waya wakati mwingine zinachelewa. Mtu anafunga mdomo, ndipo sauti inatoka. Mgonjwa atadhani ni dawa zimemzidi."

Wakati huo huo mteja mmoja, bwana mnene aliyekuja kuchukua redio yake, alisimama mlangoni na kuwakodolea macho.

"Kuna usalama humu?"

"Upo," alisema fundi bila kuinuka. "Subiri kidogo, huyu anataka kumpiga kaka yake."

Bwana yule alisubiri. Baada ya dakika moja alikuwa amechuchumaa. Baada ya mbili alikuwa amelala kwenye ncha ya boksi, redio yake kifuani, akiuliza huyo mwanamke analia nini. Mapazia alijua amepata alichokuja kutafuta.

Jioni ile nyumba ilijaa shamrashamra. Mapazia aliweka projekta kwenye stuli, akaielekeza shingo ya mashine juu, akachomeka stiki na adapta yake, akalaza spika kando ya mto. Hata Mama aliacha vitunguu vyake, akaja kusimama mlangoni na kisu mkononi.

"Baba, uko tayari?"

"Mimi nipo tu. Naenda wapi?"

Mwanga ulipanda. Dari ikafunguka. Kiwanda cha matofali kikatokea, moshi wa tanuri, ndugu wa kati akifuta jasho, wote wakubwa, wote sawasawa, juu ya kitanda chake. Mzee Dari alifungua mdomo. Kisha ndugu wa kati akageuka kuitazama kamera, na uso wake ukakatika.

Mstari ulipita kutoka paji la uso, ukashuka katikati ya pua hadi kidevuni. Upande mmoja wa uso ulikuwa juu kidogo kuliko mwingine. Alipotabasamu, alitabasamu mara mbili.

Ulikuwa ni ufa wa dari. Pale palipokutana ubao mmoja wa jipsamu na mwingine, kiungo kilikuwa hakijazibwa vizuri, na mchana kutwa ukitazama hukioni, lakini mwanga wa projekta ulikianika wazi.

Mama alicheka. Hakukusudia. Kicheko kilimponyoka mpaka akaweka kisu chini ili asijikate.

"Miaka ishirini na miwili!" alisema akifuta macho. "Miaka ishirini na miwili nalala chini ya ule ufa! Ulisema utaumaliza wiki ijayo!"

"Tulikuwa tunahamia," alisema Mzee. "Nilikuwa na kazi ya ule ukumbi, mteja ananisubiri..."

"Wiki ijayo, ulisema. Usipoziba ufa utajenga ukuta. Sasa tazama, umempasua mtoto wa watu uso!"

Mapazia naye alikuwa anacheka, lakini alipomtazama baba yake aliacha. Mzee Dari hakuwa amekasirika. Alikuwa ametulia, akiufuata ule mstari kwa macho kutoka mwanzo hadi mwisho.

"Zima," alisema kwa upole.

"Baba, ni mstari tu..."

"Ile ni kazi yangu, mwanangu. Zima."

Aliizima. Mama alichukua kisu chake, akarudi jikoni, na kicheko chake kikaishia njiani.

Kesho yake Mapazia alikuja na kitambaa cheupe kizito, akapendekeza akikaze kwenye fremu ya mbao, akining'inize chini ya dari. Kitakuwa laini kama yai. Mzee aliposikia aliona kama ametukanwa.

"Dari ya nguo? Kwangu? Watu watasema Mzee Dari amevalisha dari yake sketi."

"Watu gani, Baba? Nani anaingia chumbani mwako?"

"Mimi ninaingia. Mimi nipo humu kutwa."

 Projekta ilibaki kwenye stuli, imefunikwa kwa kitambaa cha kufutia vyombo kama kasuku anayelazwa. Siku mbili zikapita. Mzee alikula, alimeza dawa, aliitikia salamu, lakini hakuuliza tena habari ya wale ndugu watatu. Mama, ambaye alikuwa amezoea kelele zake, alianza kuingia chumbani bila sababu. Mara anyooshe shuka, mara aulize kama kuna upepo.

"Nilicheka vibaya," alimwambia binti yake kwenye simu. "Mganga hajigangi. Ndivyo watu walivyo. Mimi mwenyewe watoto wangu nilizalishwa na wengine."

Siku ya tatu, asubuhi, Mama alikuwa anapiga deki chumbani. Fimbo ya deki ikaikumba stuli, stuli ikasogea hadi ukutani, kile kitambaa kikadondoka, na Mama alipoidaka projekta isianguke kidole chake kiligusa kitufe. Ikawaka. Ilikuwa imelala ubavu, na mwanga wake haukupanda juu. Ulipita kwa kuteleza, ukisugua dari kutoka upande mmoja hadi mwingine.

"Usiiguse!" Mzee alipiga kelele.

Mama aligutuka, akabaki amenyanyua mikono kama mtu aliyekamatwa.

"Usiisogeze hata kidogo. Mke wangu, tazama juu."

Mama alitazama. Mwanga ule wa ubavuni ulikuwa umeamsha kila kitu. Kila kinundu kilikuwa na kivuli, kila bonde lilionekana, na ule ufa ulisimama kama barabara kwenye ramani.

"Kazini tulikuwa tunatafuta mwanga kama huu kwa tochi," alisema Mzee, na sauti yake ilikuwa imebadilika. "Tunaweka taa pembeni, tunazima nyingine, ndipo unaona ulipokosea. Kwa mwanga huu ningefunga dari ya ikulu." Akahesabu kwa macho. "Si kazi kubwa. Ni kufungua kiungo, kutia utepe, kupaka mara tatu, kupiga msasa. Stoo kuna nusu mfuko wa unga wa jipsamu. Mwiko wangu uko kwenye ndoo ya bluu. Ila mtu wa kupanda ndiye..."

"Nitapanda mimi," alisema Mama.

"Wewe?"

"Wewe umepanda miaka thelathini na minne. Tumeona ulipofika. Sasa lala uniambie."

Mapazia alipopigiwa simu alifunga karakana, akaazima jukwaa fupi la chuma kwa mchora mabango wa mtaani, lenye miguu mipana na vyuma vya kushikia. Walikisukuma kitanda taratibu hadi ukuta wa pili, wakamfunika Mzee kwa kile kitambaa kizito kilichokusudiwa kuwa dari, kikamfika kidevuni. Alionekana kama mfalme anayesubiri kunyolewa. Kisha Mama akapanda, kanga kiunoni, mwiko mkononi, na Mapazia akashika miguu ya jukwaa.

"Chukua kidogo. Kidogo zaidi. Sasa shika mwiko kama unavyoshika... unavyoshika nini wewe?"

"Sema tu, nitaelewa."

"Usiubane. Uulaze. Vuta mara moja, usirudie. Ukirudia unaharibu."

Mama aliulaza, akavuta. Unga mweupe ulijipanga kwenye ufa, mwembamba, bila tuta. Alivuta tena mbele yake. Mzee alikuwa ametayarisha maneno ya kukosoa, yakamkaukia mdomoni.

"Una mkono mwepesi," alisema hatimaye. "Mikono hii ilikuwa wapi miaka yote?"

"Ilikuwa inapokea watoto wa watu," alisema Mama huko juu. "Hapo je, kuna kivuli?"

"Kushoto kidogo. Hapo hapo. Ee, hapo."

Kazi ilichukua siku tatu, kwa sababu kila tabaka lilitaka kukauka, na Mzee hakukubali kuharakishwa. Alitoa amri, alibisha, alisifu, aliomba maji, akatoa amri tena. Jirani mmoja aliyekuja kumjulia hali alishangaa kumkuta mgonjwa ana sauti ya nyapara. Msasa ulipopigwa mara ya mwisho, vumbi lilitanda chumba kizima na Mama alishuka akiwa na nyusi nyeupe. Mapazia aliilaza projekta ubavu. Mwanga ulisugua dari yote, haukukuta cha kukwaza.

Mzee Dari alitazama kwa muda mrefu.

"Haya," alisema. "Kazi imepita. Ikabidhini."

Mapazia aliisimamisha projekta kwenye mguu wake. Ndugu wa kati alitokea, akageuka kuitazama kamera, na uso wake ulikuwa mmoja tu. Mzee alianza kucheka, akaambiwa asicheke sana kwa sababu ya mgongo, akazidi kucheka.

Tangu siku hiyo saa kumi jioni ilikuwa na mwenyewe. Mapazia alishinda vita ya pazia la maua kwa kushona jingine lenye maua yale yale na giza nyuma yake. Mama mwanzoni aliingia kuleta chai, akasimama kidogo, akatoka. Halafu akawa anakaa ukingoni mwa kitanda. Halafu siku moja Mapazia alipita na kuwakuta wote wawili chali, mto mmoja, spika katikati yao, na Mama akimwambia ndugu mrefu kwa ile sauti ya wodini, "Usitie sahihi, mjinga wewe, usitie sahihi!"

Wiki ya saba ilipotimia, daktari aliitazama picha mpya, akafurahi. Ufa umeshikana. Mzee anaweza kuanza kukaa, kidogo kidogo, na baada ya siku chache asimame kwa kushikwa.

"Daktari, hakuna hatari ya kuharakisha?" aliuliza Mzee Dari.

"Hatari gani?"

"Sijui. Nauliza tu. Kama kuna haja ya wiki nyingine moja hivi, mimi sina kinyongo."

Daktari alimtazama binti. Binti alitazama pembeni, akijizuia kucheka. Zilikuwa zimebaki sehemu tano za tamthilia.

Siku iliyofuata, saa kumi kasorobo, Mapazia alimshika baba yake bega moja na Mama bega la pili, wakamwinua, wakamsindikiza hatua kwa hatua hadi sebuleni, wakamkalisha kwenye kiti chenye mito miwili. Alitazama huku na huku kama aliyerudi safari. Alilisifu jua dirishani, akauliza kopo la sukari liko wapi siku hizi, akaambiwa haimhusu.

"Basi niwashieni," alisema, akionyesha televisheni.

"Itawaka na nini? Stiki iko chumbani," alisema Mapazia. Akamgeukia mama yake, lakini Mama hakuwepo.

Walisikia mlango wa chumbani ukisukumwa, kitanda kikilia, na muziki wa mwanzo wa tamthilia ukianza.

"Mama watoto!" Mzee aliita. "Unafanya nini huko?"

"Wewe daktari amesema ukae," ilijibu sauti ya Mama. "Basi kaa. Mimi nitakuja kukusimulia."